Nilimwokea Mbwa Mwaka wa Njaa

Kijijini kwetu wanasema nilimwokea mbwa mikate mwaka ambao watoto wa watu walikuwa wanakula mizizi. Ni kweli. Niliiviringa kwa mikono yangu hii, nikaipanga ndani ya sufuria, nikaweka moto chini na moto juu, na ilipokauka nikampa mmoja asubuhi na mmoja jioni. Sikatai. Ninachokataa ni yale mengine waliyoongeza, na kwa kuwa nimesoma hadi kidato cha nne na kalamu haijanishinda, nitayaandika mwenyewe.

Nina miaka ishirini na tatu. Nina mtoto mmoja wa kike. Nina mume pia, kwa maana kwamba yupo mtu barabarani anayeitwa hivyo.

Kuoka mikate ya mbwa nilijifunza Kilosa. Nilipomaliza shule, wakati nangoja kuitwa chuo cha ualimu, nilifanya kazi katika nyumba ya daktari wa mifugo, mzungu aliyekuja kwa mkataba. Mkewe tulimwita Mama Daktari. Alikuwa na mbwa wawili, na mbwa wale walikula vizuri kuliko sisi tulivyokula bwenini. Kila Jumamosi aliwaokea mikate midogo migumu, saizi ya kidole gumba. Pumba ya mahindi, boga lililochemshwa na kupondwa, supu ya mifupa iliyopoa, yai. Maganda ya yai hakutupa. Aliyachemsha, akayaanika, akayatwanga mpaka yakawa vumbi, akayarudisha kwenye donge. Kwa ajili ya mifupa ya mbwa, alisema.

Alinisimamisha pembeni ya meza akaniambia niandike. Chumvi usitie. Sukari usitie. Kitunguu hata harufu, kinaharibu damu ya mbwa. Mfupa wa kuku usimpe kamwe, unapasuka kama kioo. Nikaandika yote kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la biolojia, baada ya mchoro wa moyo wa chura. Niliandika huku nimekasirika. Baba yangu, mkulima na mwalimu wa kanisa kule milimani upande wa Berega, aliuza mbuzi mwaka hadi mwaka ili nisome, na matunda ya elimu ndiyo haya, upishi wa mbwa.

Mkataba wa daktari ulipokwisha waliondoka na mbwa wao wakubwa, wakaniachia mtoto mmoja wa yule jike. Alikuwa jike pia, mwekundu, sikio moja limesimama na moja limelala. Walimpa jina la kwao ambalo hakuna aliyeliweza, kwa hiyo mimi nilimwita kwa mluzi.

Mwaka huohuo alikuja dereva kupakia katani. Kijana mrefu, mcheshi, anajua kusimulia. Barua ya kuitwa chuo iliponifikia nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaiweka ndani ya lile daftari. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Basi umechagua barabara, nenda ukaishi barabarani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Watu walipoambiwa wote wahamie vijijini, mume wangu alikuwa ameshapata lori la safari ndefu, la kwenda Zambia. Akatuandikisha katika kijiji kipya huku Mikumi, karibu na lami. "Nikipita nitakuwa nawaona," alisema. Maneno mazuri. Nikahamia na mtoto mgongoni, sufuria mbili, daftari, na mbwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa mistari ya nyumba za nyasi juu ya uwanda ambao juzi tu ulikuwa wa swala. Watu wametolewa huku na kule, mmoja mlimani, mwingine bondeni Kilosa, mwingine Magole. Hakuna aliyejua mwenzake anacheka kwa nini. Wenye ndugu walijengeana. Wasio na ndugu walijenga wenyewe. Mimi nilisaidiwa paa na watu wa kamati kwa sababu mtoto alikuwa ananyeshewa, na mpaka leo kuna mtu anayenikumbusha.

Ng'ambo ya shamba ni mbuga. Nyani hawajui mpaka wa mbuga na wala hawakuhudhuria mkutano wowote. Walikuja mchana kweupe, thelathini, arobaini, wakavunja mahindi kama watu waliolipwa. Ndipo mbwa wangu alipoonyesha kazi yake. Alizunguka lile shamba toka jua linachomoza. Nyani akitia mguu tu, anamkuta. Mahindi ya wenzangu yalivunjwa, yangu yakasimama, na katika kijiji chetu mahindi yakisimama peke yake si jambo la kukupendezesha kwa majirani.

Kazi yake nyingine hakuna aliyeijua ila mimi. Alilitambua lori la mume wangu. Magari mangapi yalipita lami ile, mchana kutwa, na yeye amelala. Lakini lile likiwa bado mbali, sikio lake lililolala linasimama, anainuka, anatazama barabarani. Basi na mimi namfunga mtoto mgongoni naanza kwenda. Mwaka wa kwanza lori lilisimama mara nane. Mwaka wa pili mara mbili. Mara nyingine sikio lilisimama, nikaenda, nikafika kando ya lami, nikaliona lori linapita na vumbi lake, nikarudi. Mbwa alinifuata nyuma akitembea polepole, kama amekosea yeye.

Mtu mmoja tu alikuwa anaingia nyumbani kwangu, bibi mmoja aliyefagia katika hoteli ya barabarani, pale madereva wanapokula. Siku ya kwanza alinisikia nikisalimia, akajua natoka wapi, akaniuliza ukoo wa baba. Nilipomtajia akatupa ufagio. "Kumbe ni takataka zetu," alisema. Ukoo wake na wetu ni watani tangu babu wa mababu. Mtani hakuombi kitu, anachukua. Hakusalimii vizuri, anakutukana. Na wewe humkasirikii. Ukimkasirikia umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe, na kukiunga inabidi upeleke kuku. Mambo haya nilikuwa nayajua, lakini nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua jiografia ya Ulaya. Shuleni kwetu misheni utani ulikuwa mchezo wa wazee wa kijijini.

Aliniita mke mwenzangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mke mwenzangu, mume wetu kaacha nini?" Akachukua chumvi. Akachukua kanga kambani, akaivaa wiki nzima, akairudisha imepasuka. Nilinung'unika moyoni, lakini nilikuwa namsubiri. Siku asipokuja nyumba ilikuwa kimya mpaka namsikia mtoto anavyopumua.

Mvua ikakataa. Mahindi yaliyopona nyani yakauawa na jua, yangu na ya wote. Sasa, mbwa wa kwetu hapikiwi. Mbwa anakula ukoko wa sufuria na maji ya kuoshea vyombo. Mwaka ule ukoko waligombania watoto, na maji ya vyombo hayakuwa na kitu ndani yake. Mbwa wakaanza kujitafutia. Vifaranga vikapotea, mayai yakapotea, mbuzi mmoja mchanga akaliwa mkia. Kamati ikakaa, ikatoa amri kwamba mbwa atakayeonekana anakula mali ya mtu, mgambo atampiga risasi. Walipigwa mbwa saba ndani ya mwezi mmoja. Wengine nadhani walikuwa wamelala tu.

Sitadanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Asubuhi moja mbwa wangu alirudi na ute wa yai mdomoni. Niliuona. Nilichukua pindo la kanga nikaufuta kabla jirani hajaamka, nikakaa chini. Manyoya yalikuwa yamemkatika mgongoni, mbavu unazihesabu. Nikajua mambo mawili. Akishikwa, atakufa. Akifa, mvua ikirudi nyani watakula kila nitakachopanda, na mimi na mtoto wangu hatuna mtu mwingine wa kusimama shambani. Mtu wa kusimama shambani alikuwa Zambia.

Ndipo nikatoa daftari.

Unga sikuwa nao, na ningekuwa nao angekula mtoto. Hili naomba lisomwe mara mbili. Nilitafuta vitu ambavyo mtu hali. Mwenye mashine ya kusaga aliniachia pumba ya kufagia, ile ya sakafuni yenye mchanga na wadudu, nikaipeta kwa ungo na kuichekecha mara tatu. Boga hakuna. Supu ya mifupa hakuna, mifupa ilikuwa inachemshwa mpaka inakuwa myeupe. Lakini mchinjaji wa barabarani alichinja kila Ijumaa kwa ajili ya hoteli, na damu ilimwagika chini. Waislamu hawaigusi. Wakristo wa kwetu hawaigusi. Wafugaji ambao wangeinywa walikuwa mbali na ng'ombe wao wakitafuta maji. Nikakinga damu kwenye kopo. Na maganda ya mayai aliniletea mtani wangu kutoka hotelini, kwa sababu madereva na wageni wa mbuga ndio watu pekee waliokuwa bado wanakula mayai ya kukaanga.

"Chukua," alisema, akinitupia kifurushi. "Mayai wale wanaume, maganda ule wewe na mbwa wako. Ndiyo maana mmefanana mbavu."

Niliyachemsha, nikayaanika, nikayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa kama majivu. Nikachanganya pumba, damu, vumbi la maganda, maji kidogo. Donge likawa jekundu, halafu jeusi. Nikaviringa vidole. Sufuria nikaitandika mchanga chini, juu yake kipande cha bati, mikate juu ya bati, nikafunika, nikapakia makaa ya moto juu ya mfuniko. Kazi yote iko kwenye kusubiri. Moto mkali unaunguza nje na ndani inabaki damu mbichi, na damu mbichi ndiyo hasa hutaki mbwa aizoee. Moto wa taratibu unaikausha mpaka ndani, inakaa wiki mbili haiozi.

Siku ya kwanza mbwa aliunusa mkate, akanitazama, akaubeba mpaka kivulini akaushika kwa miguu miwili ya mbele kama mtu anayesoma barua. Baada ya wiki tatu manyoya yalianza kurudi. Hakwenda tena mabandani kwa watu. Alikuwa ananingoja mimi.

Kosa langu ni kwamba damu ikiokwa na pumba inanukia. Inanukia mkate, na nyama, na sikukuu. Jirani yangu, mama mwenye watoto sita na kuku watatu waliobaki, alisimama mpakani mwa uwanja wangu, mikono kiunoni.

"Dada, leo mmetembelewa?"

"Hapana, jirani."

"Maana kuna harufu hapa. Watoto wangu wameshindwa kulala mchana."

"Namwokea mbwa."

Niliona usoni mwake kwamba ningemwambia nimeletewa nyama na bwana angenielewa, angenichukia kidogo, yangeisha. "Unamwokea mbwa," alirudia, taratibu.

"Si chakula cha watu. Ni pumba ya kufagia na damu."

"Sisi tunakula pumba," alisema. "Tofauti ni kwamba sisi hatujaiokea." Akaondoka.

Kuanzia siku hiyo kisimani walininyamazia. Nilipofika ndoo zilisogea. Nilisikia mtu anasema wake wa madereva wana magunia chini ya kitanda. Kabaila, wakasema. Mimi, kabaila wa sufuria mbili. Nilitamani kuwapeleka ndani waone chini ya hicho kitanda, ila kitanda chenyewe sikuwa nacho. Nilikaa wiki nzima bila kusema neno na mtu mzima. Niliongea na mtoto, ambaye jibu lake lilikuwa "ba", na mbwa, ambaye angalau alisikiliza.

Katika hali hiyo ndipo mtani wangu alipokuja. Aliingia bila hodi, akafunua sufuria, akachota mikate minne akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hiyo ni ya mbwa," nikasema.

"Na mimi ni nani? Mke mwenzangu ananinyima wakati mume wetu anakula vizuri. Nimemwona leo asubuhi. Amepita bila kusimama, na pale mbele kakaa mwanamke, mnene kama gunia la sukari. Huyo hali maganda."

Asubuhi ile sikio la mbwa lilikuwa limesimama. Nilikuwa nimeshamfunga mtoto mgongoni, nikafika nusu ya njia, nikalisikia lori linapita.

Mtani alikuwa anacheka. Alikuwa ananingoja nimjibu, nimtukane, nimwambie mwanamke yule mnene ni yeye mwenyewe wa zamani, chochote. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Badala yake nilisimama, na nilisema kwa sauti ya chini, ya kweli kabisa, "Toka nyumbani kwangu, mchawi wewe. Na usirudi."

Kuna maneno ambayo mtani anaweza kuyasema na kuna maneno ambayo yakisemwa bila kicheko hayarudi. Hilo ni mojawapo. Bibi kizee anayeishi peke yake, ukimwita mchawi kwa kumaanisha, umempa kijiji jiwe la kumpigia. Aliacha kucheka. Akafungua pindo, akairudisha mikate yote minne ndani ya sufuria, akafunika vizuri, akatoka. Mbwa alimsindikiza mpaka njiani.

Nilijua nimekosea kabla hajafika kwenye lami. Nilijua pia dawa yake: kuku, na kwenda kukaa chini mbele yake niseme mtani wangu, nisamehe. Kuku sikuwa nao, lakini hata unyoya angepokea. Sikwenda. Nikajiambia mimi nimesoma, siwezi kumpigia magoti mfagiaji kwa sababu ya mizaha ya kishenzi. Siku zikapita tisa.

Siku ya kumi kuku wa jirani alikutwa ameacha kulalia, mayai yote hayapo. Jirani alikuja na mgambo nyumbani kwangu. Hawakumtazama mbwa kwanza. Walitazama kinu. Ndani ya kinu mlikuwa na maganda ya mayai, yale ya mwisho niliyoletewa na mtani, nimeyatwanga nusu.

Mkutano ulifanyika saa nne asubuhi mbele ya ghala la kijiji. Watu walikuja wote. Siku za njaa watu hawana mahali pa kwenda. Nilisimama katikati na mtoto mgongoni, mbwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala. Mtani wangu alikuwa amekaa mstari wa nyuma upande wa wanawake, amenyoosha miguu, anaitazama.

"Ndugu mama," mwenyekiti alianza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na macho yake yalikuwa ya njano. "Mbwa wako anakula nini?"

"Anakula mikate ninayomwokea."

Kicheko kikapita, si cha kufurahi.

"Mikate ya unga?"

"Pumba ya kufagia, damu iliyomwagwa, na maganda ya mayai."

"Maganda ya mayai ya nani?"

Hapo ndipo ilipokuwa roho ya mbwa wangu. Jibu lilikuwa limekaa mstari wa nyuma limenyoosha miguu. Ningesema, mtani wangu, simama uwaambie. Maneno hayo tu. Mtani akiitwa hivyo mbele za watu hawezi kukataa, na akisimama hawezi kunyamazishwa, hata na mwenyekiti. Angewatukana wote mpaka wacheke, na kijiji kikicheka hakiui. Nilimtazama. Akainua uso akanitazama pia. Alikuwa anangoja.

"Niliyaokota," nikasema. "Jalalani, kule hotelini."

"Jalala la hoteli linachomwa moto kila asubuhi," jirani akasema, palepale. "Sote tunajua. Ameyaokota yakiwa hayajaungua, miujiza hiyo?"

"Nani shahidi wako, ndugu mama?" mwenyekiti akauliza. Akauliza mara mbili. Nadhani alitaka niwe naye.

"Sina."

Sikuwatazama tena. Nilisikia katibu anaandika.

Walimpiga risasi upande wa nyuma wa ghala. Nilikataa kuondoka, kwa hiyo nilimwona anavyomtikisia mkia mgambo, kwa sababu mgambo alikuwa na harufu ya watu na hakuna mtu aliyewahi kumpiga. Mtoto aliruka mgongoni kwa mlio, halafu akalia mpaka jioni. Mimi sikulia. Nilimbeba mbwa mwenyewe kwa mikono, mtoto nyuma na mbwa mbele, na watu wakanipisha njia, maana mzoga wa mbwa haubebwi hivyo. Mzoga wa mbwa unaburutwa kwa kamba na kutupwa porini.

Nilimlaza chini ya ukingo wa shamba. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba, na ardhi ya kiangazi ikawa inalirudisha jembe. Jua lilipoanza kuinama nikasikia, "Hodi, wenye msiba."

Mtani wangu alikuja na jembe lake begani.

Inabidi nieleze kwa wale wasiojua. Kwetu mtu akifa, kaburi wanachimba watani. Wao ndio wanaopika, wanaoburuta wafiwa waache kulia, na wao ndio wanaomwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokohoa. Lakini hiyo ni kwa watu. Kwa mbwa sijasikia.

"Toka hapo, unachimba kama umeshika kalamu," alisema. Akanipokonya nafasi. Akachimba, mifupa ya mgongo wake inaonekana kupitia kitambaa. Shimo lilipofika magoti aliacha jembe. Akainua kidole akalikunja sikio lake moja, akapiga magoti na mikono chini, bibi wa umri ule, akatembea kandokando ya shamba langu lililokufa, akinusa. Akasimama. Akabweka kuelekea mbuga. Kisha akakaa, akashika kijiti kwa mikono miwili kama mbwa wangu alivyoushika mkate, akakitafuna akinikodolea macho.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini ndipo nikalia.

"Ungeniita," alisema, akirudi kwenye shimo. Hakusema kwa hasira. "Nilikaa pale nakungoja uniite. Neno moja, mtani. Mimi siwezi kujiita."

"Najua."

"Unajua. Umesoma wewe."

Tulimfukia. Nikamwuliza lile ambalo lilikuwa limekaa kooni siku kumi. "Mwanamke yule kwenye lori. Ulikuwa utani, au ulimwona?"

Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Nilimwona," akasema. Halafu, kwa kuwa mtani haachi kilio kikakaa, akanyoosha mkono. "Haya, ujira wangu. Marehemu kaacha mikate mingapi?"

Nikamletea sufuria nzima. Akachukua mmoja akauma kwa jino la pembeni. "Hauna chumvi."

"Chumvi haimfai mbwa."

"Mimi si mbwa."

"Hilo," nikasema, "bado linachunguzwa na kamati."

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza nimjibu inavyotakiwa. Akatafuna, akameza, akachukua wa pili. Nami nikachukua mmoja. Ni mgumu, una ladha ya chuma, unashibisha. Kama kijiji kingenisikiliza badala ya kuninusa, ningewafundisha.

Mayai yaliendelea kupotea. Baada ya wiki mbili watoto wa jirani walimuua kenge nyuma ya choo, tumbo limejaa mayai. Jirani hakunijia na maneno, na mimi sikuyataka. Alasiri moja nilitoka ndani nikakuta mlangoni kuku jike mchanga, mwembamba, amefungwa miguu kwa uzi wa katani. Nikajua ni wa nani. Nilifikiri kumtupa uani kwake. Nikafikiri kumchinja, mtoto ale nyama. Kisha nikatembea naye mpaka hotelini, nikapiga magoti mbele ya ufagio, wanaume wakiwa wanakula, nikasema maneno yanayotakiwa. Mtani wangu akampima kuku kwa mkono.

"Neno zito vile, kuku mwepesi hivi," alisema. Lakini akampokea.

Mvua imerudi mwaka huu. Mahindi yananifika kiunoni. Mbwa sina na kijiji kizima hakina, na nyani wamelijua hilo kabla ya kamati. Kwa hiyo nakaa shambani mwenyewe toka asubuhi, mtoto kivulini kwenye kanga, napiga debe kwa kijiti. Masikio yangu yamejifunza kazi ya mwenzangu. Lori lile nalitambua sasa likiwa bado mbali. Gia yake ya tatu inakwaruza. Sifungi mtoto tena.

Jana lilipita saa nane. Mtani alikuwa anakuja kwa mstari wa mahindi, ametoka kazini, anavunja mabua yangu kwa makusudi.

"Shikamoo, mke mwenzangu," nikamwamkia.

"Marahaba. Mume wetu huyo aliyepita?"

"Ndiye."

"Kasimama?"

"Hakusimama."

Akaketi, akanyoosha miguu. "Basi lete debe," akasema, "umeshapiga vya kutosha," na akaanza kupiga.